Maswali ya Wasomaji: Ukaguzi wa Magari wa Kila Mwaka Uingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Uingereza na gari langu la dizeli linakaribia siku ya ukaguzi wa mwaka, ule uitwao MOT. Rafiki ameniambia kuwa kanuni zimebadilika, na kwamba gari likianguka huruhusiwi kuondoka nalo gereji hata kama cheti cha zamani hakijaisha muda. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki inaweza kukugharimu. Tangu tarehe 20 Mei 2018, mkaguzi akikuta kasoro huipanga katika daraja la ndogo, kubwa au hatari. Kasoro ndogo huandikwa lakini gari hufaulu, ilhali kubwa na hatari zote huliangusha gari. Tofauti ya hizo mbili ndiyo jibu la swali lako: ikiwa kasoro ni kubwa tu, cheti cha zamani bado kina siku, na gari linakidhi masharti ya kutembea barabarani, unaweza kuondoka nalo na kulitengeneza kwingine, lakini kasoro ikiandikwa kuwa ya hatari, gari lisiendeshwe mpaka litengenezwe, haidhuru cheti kina siku ngapi. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500, kupewa alama 3 za adhabu kwenye leseni na hata kufungiwa kuendesha.

Chukua mfano wa pedi za breki. Zikilika hadi kufikia alama ya ukomo, hiyo ni kasoro kubwa. Zikishuka chini ya milimita 1.5, zimeingia kwenye hatari, kwa kuwa punde chuma kitasuguana na chuma na gari halitasimama unapotaka lisimame. Tairi lililochakaa hadi nyuzi zake za ndani kuonekana nalo ni hatari. Mambo haya hayahitaji kumsubiri mkaguzi: tazama matairi yako leo, ukikumbuka kwamba kina cha mistari yake hakitakiwi kupungua chini ya milimita 1.6, wala usisahau upande wa ndani wa tairi, ambao mara nyingi hulika bila mwenye gari kuuona.

Kwa kuwa gari lako ni la dizeli, zingatia zaidi bomba la moshi. Gari lenye chujio la masizi huanguka moshi wa rangi yoyote ukionekana, au mkaguzi akigundua kuwa chujio limechezewa. Wapo mafundi wanaoshauri chujio litolewe ili kuokoa gharama. Nakusihi usiwasikilize, kwani masizi hayo huingia katika mapafu ya watoto wanaopita kando ya barabara.

Mwisho, usisubiri siku ya mwisho. Unaweza kupeleka gari hadi mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha na bado ukabaki na tarehe ileile ya mwaka ujao, hivyo unapata nafasi ya kurekebisha bila kukimbizana na muda.

SWALI: Ninapanga kununua gari jipya. Nimesikia kwamba ukaguzi wa kwanza sasa ni baada ya miaka minne badala ya mitatu. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Pendekezo hilo lilikuwapo na serikali ilikusanya maoni ya wananchi mwaka 2023, lakini Januari 2024 ilitangaza kwamba utaratibu utabaki ulivyo. Kwa hiyo katika England, Wales na Scotland gari la binafsi hukaguliwa mara ya kwanza likitimiza miaka mitatu, kisha kila mwaka. Ireland ya Kaskazini ndiko husubiri minne. Ukaguzi ulipoanza mwaka 1960 ulihusu magari yenye umri wa miaka 10 na zaidi, na muda huo ukapunguzwa hadi kufikia mitatu mwaka 1967. Binafsi naona uamuzi wa kuubakiza ni sahihi, kwa sababu breki na matairi hulika kwa masafa, si kwa umri, na gari la miaka mitatu linalotumika kwa kazi kila siku huenda limekwishatembea kuliko la jirani yake la miaka tisa.