Panga Meza Kabla ya Kushika Brashi

Wanaoanza kuchora vitu vya mezani hupanga chungu, gorogoro (kopo la kupimia nafaka) na ndimu kwa mstari mmoja, kama wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi, halafu wanalaumu rangi picha ikitoka bapa. Kina cha picha huanzia mezani.

Acha kitu kizibe kingine. Chungu kikae nyuma, kando kidogo. Gorogoro ikatize ubavu wake. Ndimu mbili tatu ziwe mbele. Jicho likiona kitu kimezibwa, linajua kiko nyuma hata kabla hujapaka kivuli. Ila kingo zisigusane tu. Mdomo wa gorogoro ukigusa ubavu wa chungu bila kuukatiza, vyote viwili vinaganda pamoja. Ziba kabisa au tenganisha kabisa.

Kweli, mchoraji Zurbarán wa Hispania alipanga ndimu zake, machungwa na kikombe kwa mstari mwaka 1633, na picha inasimama. Kilichomwokoa ni mwanga wa upande mmoja mbele ya giza.

Kuhusu mwanga, usimeze kila ushauri. Vitabu vya Ulaya vinasisitiza dirisha la kaskazini kwa sababu kule jua la mchana hupita kusini. Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua hupita kaskazini, na dirisha hilo litakuletea miale inayohamahama. Miezi hiyo tumia la kusini, miezi mingine geuza. Ukichorea barazani, saa sita achana nayo. Vivuli vimejificha chini ya vitu. Saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri kivuli cha ndimu hulala mezani na kupanda ubavu wa gorogoro, na hapo umbali unaonekana wenyewe. Zima balbu.

Kitako cha gorogoro wengi hukichora kwa mstari ulionyooka. Ukitazama kutoka juu, kitako kimepinda, tena kuliko mdomo wake.

Kwenye kupaka, kingo za mbele ziwe kali. Za nyuma zilainishe rangi ikiwa bado mbichi.

Kabla hujaondoka, zungushia kila kitu chaki pale kilipo. Kwenye nyumba yenye watoto, ndimu hazikai mahali pake.