Kufunga kadi ya picha kwenye hewa ya chumvi

Wewe unayeanza ufundi wa kompyuta hapa Lamu, kabla hujaiita kadi ya picha mbovu, kagua vitu viwili: stima inayoilisha na meno yake ya dhahabu, yaani ile mistari ya ukingoni inayoingia kwenye sloti.

Anza na pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa stima ndani ya kompyuta. Soma kibandiko ubavuni, tafuta safu ya volti 12, uzidishe ampea zake kwa 12. Ikiandikwa ampea 18, una wati 216 za kugawana kadi, prosesa na feni. Sloti ndefu ya ubao mama huipa kadi hadi wati 75; plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kompyuta za ofisini zilizokwishatumika, zinazovushwa kwa boti kutoka Mokowe, nyingi zina pawasaplai ndogo isiyo na plagi hizo. Mashine kama hiyo itafutie kadi isiyodai waya wa ziada, na kesi ikiwa nyembamba, kadi yenye bamba fupi la kufungia nyuma ya kesi. Adapta za kuchota stima kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, ziache dukani. Pini za volti 12 za plagi ile zimekadiriwa wati 54. Kadi ikivuta 75, plastiki inaweza kuyeyuka.

Angalia pia usichanganye plagi za pini 8. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi 6 na 2. Volti na ardhi zimepishana humo, kwa hiyo plagi ikikataa kuingia, usiilazimishe.

Sasa ondoa draiva (programu inayoiendesha kadi) ya kadi ya zamani, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Shika chuma kitupu cha kesi kabla ya kugusa kadi: unyevu wa pwani hupunguza umeme tuli, hauuondoi.

Meno yatazame kwenye mwanga. Yanatakiwa kung'aa manjano safi. Ukiona madoa ya kijani au weusi, chumvi imeshaanza kula. Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pangusa kuelekea ncha, acha yakauke kabisa. Kifutio cha penseli hatukishauri, kwani hukwangua dhahabu ambayo ni nyembamba mno na kuacha makombo. Vumbi la sloti toa kwa brashi laini. Usipulize kwa mdomo. Mate yana chumvi pia.

Ondoa vibati viwili vinavyoziba nyuma ya kesi ikiwa kadi ni nene. Ishike kingoni, si kwenye feni, uisukume sawasawa mpaka kibano cha mwisho wa sloti kilie. Kaza skrubu; bila hiyo, uzito wa kebo ya monita huinua upande mmoja na picha hupotea. Halafu chomeka waya wa stima wa kadi.

Kebo ya monita iingie kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Pili chomoa kadi uirudishe, tatu hamishia kebo kwa muda kwenye tundu la ubao mama, uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), uchague PCIe, yaani sloti ya kadi, iwe ya kwanza kutoa picha.

Draiva ipakue kwa mtengenezaji wa chipu mwenyewe. Kwa nyumba zinazoelekea bahari, iweke mashine mbali na dirisha, na msimu wa kusi ukipita, fungua kesi ukague meno upya.