Karakana ya Pamoja Iandikwe kwa Jina Lenu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mchoraji wa Njombe, ambaye alinisalimu "Kamwene dada" kisha akaniuliza swali ambalo wengi wamekuwa wakiniuliza tangu maonyesho yetu ya mwaka huu yalipofana. Yeye na wenzake, wakiwamo wafinyanzi, mshonaji na kikundi cha ngoma za Kibena, wamepata ghala tupu karibu na stendi, na wanataka liwe karakana ya pamoja, mahali ambapo kila msanii atakuwa na sehemu yake ya kazi na watoto wa mtaa watapata mafunzo siku za Jumamosi. Wapo wanaowashauri watafute mfadhili kwanza. Yeye alitaka kujua mimi ningeanza na nini. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa ninyi mnaonisoma, iwe mko Mbeya, Makambako, Tukuyu au Songea, najua mnabeba ndoto ileile, na kwa kuwa jibu langu limetoka mahali panaponiuma hadi leo.

Mdogo wangu, anzeni na mkataba wa chumba, na mkataba huo uandikwe kwa jina la kikundi chenu wenyewe.

Mimi ni mtengenezaji wa batiki na mchoraji hapa Iringa. Nilianza kazi kibarazani kwa mama yangu, nikiyeyusha nta kwenye jiko la mkaa, na yeyote aliyewahi kufanya kazi hiyo mwezi wa sita au wa saba katika nyanda hizi anajua shida yake: baridi hugandisha nta juu ya kitambaa kabla haijapenya upande wa pili, na ukichovya kitambaa katika rangi, rangi hupita pale ambapo hukutaka ipite. Kinachohitajika ni chumba kisichopitisha upepo wa baridi lakini chenye madirisha ya kutosha kutoa moshi wa nta, na chumba cha namna hiyo, kwa msanii mmoja asiye na kipato cha uhakika, ni ghali. Ndiyo maana shirika moja lilipotangaza studio za pamoja kwa wasanii wa mji wetu, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika mlangoni.

Sitaki kuwa mtu wa kukana mema. Pale nilijifunza mengi kuliko popote pengine. Meza yangu ilikuwa karibu na akina mama waliokuja kutoka vijijini na mafungu ya milulu, wakakaa chini kusuka vile vikapu ambavyo nchi nzima inavijua kwa jina la mkoa wetu. Kikapu husukwa kuanzia kitakoni, na nakshi yote hulazimika kukua kutokea pale katikati kwenda nje. Kwa miezi mingi nilitazama mikono yao ikihesabu nyuzi bila kuandika chochote, mpaka siku moja nikaacha kuchora batiki zangu kwa kuanzia pembeni kama nilivyozoea na kuanza kuzichora kutoka katikati. Kazi zangu zote zinazonunuliwa leo zimetokana na kukaa karibu na wale mama, na nisingeyajua hayo nikiwa peke yangu kibarazani. Faida ya kwanza ya karakana ya pamoja ni jirani, hata kabla ya paa na umeme.

Kisha fedha za mradi zilikwisha. Tulipewa notisi fupi, na siku yake ilipofika makufuli yalikuwa yamekwisha kubadilishwa. Mkataba wa jengo ulikuwa kwa jina la shirika. Tanuru la wafinyanzi, vyerehani na meza, vitu ambavyo tuliambiwa hadharani kwamba vimenunuliwa kwa ajili ya wasanii, vilikuwa katika orodha ya mali za shirika, na vikapakiwa kwenye lori mbele ya macho yetu. Picha zetu, tukiwa tumeshika brashi na kutabasamu, zilibaki katika ripoti zao. Hakuna sheria iliyovunjwa hata moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa maana hapakuwa na mahali pa kwenda kulalamika. Mama mmoja msusi aliniuliza milulu yake ataipeleka wapi, nami sikuwa na jibu.

Kipindi kilichofuata hakina mengi ya kusimulia: tulihamahama, tukafanya kazi majumbani, tukachanga. Tulipokutana tena tulikuwa tumepungua, lakini waliobaki walikuwa watu wa kazi. Tuliandika katiba, tukasajili kikundi kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, na tukapanga nyumba yenye uwanja huko Kihesa kwa mkataba wa miaka mitano, wenye kipengele cha kuongeza muda, kwa jina la kikundi. Leo hakuna mtu anayeweza kubadilisha kufuli lile bila sisi kujua. Ninajivunia jambo hilo kuliko tuzo yoyote, na silioni kuwa dogo.

Mtu akisema kwamba wasanii hawawezi kujisimamia, mwambieni habari za Edward Said Tingatinga. Alikuwa mtu wa kusini kama sisi, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba. Alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora kwa miaka michache tu. Mtindo wake ungeweza kuzikwa naye, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea kuchora pamoja, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Hapa hapa Iringa tuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambayo ina duka, mgahawa na nyumba ya wageni pamoja na kazi za mikono. Nao Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2008, imeweka studio za wasanii, ukumbi wa maonyesho na mafunzo katika eneo moja, na baadhi ya studio hizo ni makontena ya mizigo. Nendeni mkaone. Ghala lenu karibu na stendi si duni kuliko kontena.

Kuhusu usajili, kila njia ina maana yake, na maana hiyo inahusu nani atabaki na mali siku mambo yakiharibika. Ushirika, chini ya sheria ya mwaka 2013, ni wa wanachama wenyewe. Shirika lisilo la kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002, haligawi faida kwa wanachama, hivyo litafaa kwa mafunzo ya watoto kuliko kwa biashara ya vinyago. Kampuni husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na umiliki wake hufuata hisa. Kikundi cha halmashauri ndicho chepesi kuliko vyote kwa wanaoanza, na ndicho kinachofungua mlango wa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo na lazima urudishwe, lakini cherehani mtakachonunua kwa mkopo huo ni chenu, hakitapakiwa kwenye lori la mtu mwingine mradi mnalipa. Pamoja na hayo, mjisajili Baraza la Sanaa la Taifa na mjitambulishe kwa afisa utamaduni wenu mapema, wala msisubiri mpaka mnapohitaji kibali cha onyesho.

Sasa niseme juu ya ugomvi, maana utakuja. Kwetu ulianzia kwenye umeme wa LUKU. Mshonaji anapiga pasi mchana kutwa, mchoraji anatumia taa moja, na wote wanachanga sawa. Mwezi haukuisha kabla watu hawajaacha kusalimiana. Tulifunga mita ndogo kwa kila anayetumia mashine au pasi, na amani ikarudi. Mchonga vinyago naye hawezi kukaa chumba kimoja na mchoraji, kwa kuwa vumbi la kusugua mti hunata kwenye rangi mbichi, na rangi ya mafuta katika baridi yetu huchelewa sana kukauka. Wapiga ngoma wapewe saa zao za jioni, na saa hizo ziheshimiwe na pande zote mbili. Yote haya yaandikwe na kusainiwa kabla mtu hajaingiza hata kiti, kwa sababu mkishazoeana mtaona haya kuambiana ukweli.

Mafunzo ya Jumamosi na jioni za ngoma, ambayo, kwa ulivyoniandikia, mshauri wenu mmoja ameyaita mapambo ya kumvutia mfadhili, msiyachukulie hivyo hata kidogo. Mwaka jana mwenye nyumba wetu alipata mtu wa kumlipa zaidi ili aweke duka la vifaa vya ujenzi, akaanza kutafuta sababu za kutuondoa, na sababu aliyoipata ni kelele za ngoma. Mkataba ulitukinga kisheria, lakini kilichomaliza maneno ni kikao cha mtaa ambapo wazazi wa watoto tunaowafundisha walisimama mmoja baada ya mwingine na kusema kelele hizo ni za watoto wao. Mwenyekiti wa mtaa hakuwa na la kuongeza. Wasanii wenzangu, acheni kuishi katika mji kama wageni. Fundisheni watoto wa jirani, waalikeni wazee waimbe nyimbo wanazozijua, waombeni akina mama wafinyanzi wa Kikisi, wale wa Ikombe wanaouza vyungu vyao katika soko la Lyulilo huko Matema, waje waonyeshe jinsi wanavyofinyanga kwa mikono mitupu. Karakana ambayo mtaa hauijui itafungwa bila mtu kuuliza.

Nawaomba pia muache kuandika maombi ya fedha kabla ya kuandika katiba. Nimeona vijana wenye vipaji vikubwa wakimaliza mwaka mzima wakisubiri jibu la barua pepe, huku turubai zikiwa zimekunjwa chini ya kitanda. Mfadhili akija, karibuni naye, lakini akukuteni mkiwa na mlango wenu, na vifaa atakavyotoa viandikwe kwa maneno yaliyo wazi kwamba ni mali ya kikundi tangu siku ya kukabidhiwa.

Kwa ghala la Njombe, mdogo wangu, nina mambo machache tu. Njombe ni baridi kuliko huku kwetu, hivyo ghala la bati tupu litawaumiza. Wekeni dari kabla ya kununua rangi, na ufinyanzi ukaushwe polepole mbali na mlango. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mpigo, mpeni kwa sharti la mkataba wa miaka mingi, na msikubali kipengele kinachomruhusu kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja. Kumbukeni pia kwamba mpangaji ndiye anayepaswa kukata ile kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, na asipofanya hivyo yeye ndiye hudaiwa. Dari mtakayoiweka itajwe katika mkataba kama gharama yenu inayokatwa katika kodi. Ukishapata rasimu, nitumie niisome kabla hamjatia saini.