Cascade badala ya Magnum: kwa nini bia haina uchungu

Habari ndugu. Umesema uliacha hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za aina ya Magnum ukatia za Cascade, gramu zilezile, na uchungu ukapungua sana.

Kwanza soma asilimia ya asidi za alfa, zile zinazoleta uchungu hopsi zikichemshwa, kwenye pakiti. Magnum huwa 12 hadi 14 hivi, Cascade 5 hadi 7, kwa hiyo gramu sawa hukupa karibu nusu tu. Isitoshe, hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, na uchungu hutoka polepole kuliko Mombasa.

Mimi huchemsha Magnum saa nzima, Cascade naitia dakika 5 za mwisho, maana ile harufu ya balungi na maua (naipenda mno!) hupotea na mvuke. Pakiti ikifunguliwa, toa hewa, weka kwenye friza.