Sita mbili kwenye hela ya Tabora

SWALI: Nimeokota hela 20 (sarafu ya Kijerumani ya heller 20) ya 1916 kwenye mikorosho, Masasi. Ina herufi T, na tarakimu 6 inaonekana mara mbili. Ni kosa la kiwandani? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Kwanza, tafadhali usiisugue kwa ndimu wala mchanga! T ni Tabora, Wajerumani walikopiga sarafu hizi za shaba na za shaba njano wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Tumia lenzi ya kukuza mara 10, taa imulike kutoka ubavuni. Sita ya pili ikiwa bapa, iko chini kama kidaraja na imeimega ya kwanza, basi chapa (kipande cha chuma kinachogonga picha kwenye sarafu) ilicheza wakati wa kupiga, haiongezi bei. Chapa yenyewe ikiwa ilichongwa maradufu, sita zote mbili huinuka na ncha zake huonekana zimegawanyika. Mstari ulioinuka ni ufa wa chapa; uliozama ni mkwaruzo tu.

Lakini angalia zaidi taji, maana lipo kubwa na lipo dogo, kisha ncha za L mbili za HELLER: zimechongoka au zimejikunja? Hapo ndipo aina hutofautiana.