Muulize Fundi: Mtu wa theluji kageuka njano

SWALI: Fundi habari za kazi. Mwaka jana kuelekea Krismasi nilitengeneza mtu wa theluji wa mbao, ni bao la paini tu nikalipaka rangi ya mafuta nyeupe, macho meusi, pua ya karoti, watoto walifurahi balaa. Januari nikamfunga gazeti nikamtia kwenye boksi chini ya kitanda. Juzi namtoa, amekuwa njano kama samli, afu tumboni ana mabaka mawili ya kahawia yananata. Mbao imeoza au niliuziwa rangi feki? Maana nataka kutengeneza wengine wawili wa kusimamisha mlangoni. – Mama Mapacha, Tabata

JIBU: Mama Mapacha pole, ila mbao haijaoza na mwenye duka la rangi msamehe tu. Hapo una matatizo mawili tofauti yamekutana kwa mtu mmoja.

Tuanze na njano. Rangi nyeupe ya mafuta ikikaa gizani inageuka njano, ndo tabia yake, ndo maana hata milango nyeupe ukisogeza kabati lililokaa miaka unakuta nyuma yake pamegeuka rangi wakati kwingine kote kuzuri. Sasa we umemfungia kwenye boksi karibu mwaka mzima. Kabla hujashika msasa mweke dirishani penye mwanga wiki moja mbili hivi, njano itapungua, haiishi yote lakini utaona tofauti. Hao wapya wapake rangi ya maji, ile ya nje, haina hayo mambo na inakauka haraka, asubuhi unapiga koti la kwanza mchana la pili.

Na tafadhali usimalizie na vanishi ya mafuta juu ya nyeupe. Naona watu wengi wanafanya hivyo eti ing'ae, vanishi yenyewe ina unjano wake kutoka kwenye kopo, umeshaharibu siku hiyohiyo. Ukitaka king'ao tafuta ile angavu ya maji au acha hivyohivyo, theluji yenyewe haing'ai kama gari jipya.

Mabaka ya kahawia ni vifundo. Pale tawi lilipokuwa limeshikana na mti pamejaa utomvu, na paini ndo mwenyewe kwa utomvu. Joto letu hili likipiga, utomvu unalainika unapanda juu unapenya rangi, piga koti tatu piga nne utapita tu. Dawa yake ni shelaki, aina ya vanishi inayoziba utomvu, unapaka juu ya kifundo mara mbili, iache ikauke, ndo uje na andakoti, ile rangi ya chini ya kutangulia. Ukiikosa, suluhisho ni kuchagua mbao. Paini nyingi tunayonunua hapa mjini inashuka kutoka Mafinga kule Iringa, ukienda kwa wauza mbao Buguruni usikubali bao la juu ulilopewa, geuza geuza, angalia pande zote mbili, hata kijana akinuna mwache anune. Usichukue ya dawa ile ya kijani, hiyo ni ya kupaulia. Na mbao mbichi iache kwanza kivulini imeegemezwa wima ipate hewa, la sivyo itakupinda ukishamaliza kuchora uso.

Mimi huwa nafanya hivi: nalaza bao, naangalia vifundo viko wapi, ndo naamua mtu wangu atasimama vipi. Kifundo kikiangukia katikati ya tumbo hicho ni kifungo cha koti, nakipaka cheusi, kikivuja hata mia hakuna atakayejua. Cha juu kikiwa karibu na shingo kinafunikwa na skafu.

Kuhusu umbo, sijui wa mwanzo ulimkata vipi ila nakushauri usihangaike na jigiso, ule msumeno wa umeme wa kukatia mikunjo, na yale maduara matatu. Chukua bao la inchi moja kwa nane, urefu futi tatu au nne, mwache hivyo hivyo bao limenyooka, kofia unaipaka juu robo ya urefu, uso chini yake, chini kote nyeupe. Wazungu nao wanawaweka hivyo kwenye baraza zao, bao refu limeegemea ukuta, na linakubali kuliko lile la maduara ambalo mara nyingi linaishia kufanana na chupa.

Msasa anza namba 120 malizia 220, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, andakoti, koti mbili za nyeupe. Sasa hapa ndo wengi wanaishia na mtu anaonekana kama ukuta uliopigwa chokaa. Theluji kivulini ina ubuluu, kwa hiyo chukua nyeupe changanya na tone la buluu, chovya brashi afu uifute kwenye gazeti mpaka iwe karibu kavu, pitisha pembeni mwa bao kotekote na chini ya mdomo wa kofia. Mwili utaonekana wa mviringo ghafla. Mashavu tumia kidole na rangi ya waridi kidogo sana. Skafu usinunue sufu na joto hili, kipande cha kanga chenye pindo kinampendeza kuliko.

Kwa sababu una watoto, soma kopo la rangi, nunua iliyoandikwa haina madini ya risasi (lead). Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wanatia kila kitu mdomoni.

SWALI: Fundi, hivi theluji na Dar wapi na wapi? Desemba tunavua mashati nyie mnaweka mtu wa barafu mlangoni. – Kaka wa Mbagala

JIBU: Kaka, mbona pamba juu ya mti wa Krismasi hujawahi kuuliza? Na theluji tunayo, panda Kilimanjaro mita 5,895 ukaishike. Ila kama hutaki, bao hilohilo mpake Masai, mpake mvuvi, kazi ni ileile.

SWALI: Wangu atakaa nje kabisa na mvua za vuli hizi, atadumu? – Dada wa Kigamboni

JIBU: Maji hayaingilii tumboni, yanaingilia miguuni. Pale bao lilipokatwa kwa chini nyuzi za mbao ziko wazi, zinanyonya kama mrija. Geuza mtu wako kichwa chini, huo mkato wa chini upige andakoti na koti tatu za rangi, na mgongo nao upakwe usiachwe mtupu maana upande mmoja ukilowa mwingine mkavu bao linapinda. Afu msimamishe juu ya vipande viwili vya kigae, asigusane na sakafu.