Rutland kwa baiskeli, mdogo mdogo

Dada, umeuliza pa kutembelea kwa baiskeli Uingereza bila kukimbizana na wanamashindano. Nenda Rutland, kaunti ya kihistoria iliyo ndogo kuliko zote. Shukia treni Oakham, uanzie kwenye ukumbi wa kasri: kuta zimejaa viatu vya chuma vya farasi, zaidi ya 200, walivyotoa wakubwa waliopita hapo. Vingine ni vikubwa hata tembo angevivaa, na vyote vimetundikwa juu chini!

Kisha fuata njia ya bwawa la Rutland Water. Kilima cha Hambleton kinachosha, ukiruke. Ila usikose kanisa la Normanton. Chini lilijazwa mawe na zege miaka ya 1970 lisimezwe na maji. Beba tyubu ya akiba, mimi nilisukuma baiskeli hadi kijiji cha Whitwell.